Kidole cha Dalmas

Watu wa Kabiro walisema Mzee Kiragu alizijua sheria za mbwa kuliko Amri Kumi za Mungu, na mtu mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa na ploti tatu za kupangisha hapo Kawangware, alikuwa na duka la mbao na mabati, na nyuma ya nyumba yake ya mawe alikuwa na banda la mbwa kumi na mmoja wa asili safi. Walikuwa mbwa wakubwa wa rangi ya udongo, na kila mmoja alikuwa na mstari wa manyoya yaliyolala kinyume katikati ya mgongo. Aliwanunua kutoka kwa mzungu aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Aliwanunua pamoja na vyeti vyao, bakuli zao, minyororo yao na Dalmas. Dalmas hakuandikwa kwenye hati ya mauzo, lakini ilieleweka hivyo.

Mwaka huo wa sabini na sita, Kiragu ndiye aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuketi kwenye kamati ya chama cha wafugaji wa mbwa hao. Heshima hiyo ilimtia majivuno, na ikamtia hofu zaidi ya majivuno. "Wananingojea niteleze," alipenda kusema. "Mzungu akikosea, amekosea peke yake. Mimi nikikosea, tumekosea sisi wote." Basi akazishika sheria za chama kwa mikono miwili. Mtoto wa mbwa akizaliwa bila mstari mgongoni, haandikishwi na hatoki bandani akiwa hai. Akizaliwa na uzi, hali kadhalika.

Uzi ni jina walilolitumia wafanyakazi wa mabanda. Ni kijitundu katika ngozi, shingoni au mgongoni, na chini yake kuna mrija mwembamba unaoshuka hadi kwenye uti wa mgongo. Uchafu hupenya humo. Leo mbwa anakula na kurukaruka, kesho ana homa, kesho kutwa shingo imevutika nyuma na ukimgusa anapiga mayowe. Akiwa amezaliwa tu, jicho haliuoni uzi. Unaonekana kwa kidole, na katika chama kizima hakukuwa na kidole kilichoujua kama cha Dalmas. Matajiri walitoka Karen na Limuru na vikapu vya watoto wa mbwa, wakaegesha magari kwenye matope ya Kawangware, wakangoja Dalmas anawe mikono.

Jumatatu moja Tausi, jike la Kiragu, alizaa watoto tisa.

"Soma," Kiragu alisema kutoka mlangoni. Hakuingia ndani, alikuwa amevaa viatu vya dukani.

Dalmas alipiga magoti kwenye nyasi kavu. Alimchukua wa kwanza, akapitisha kidole cha shahada kutoka kisogoni hadi mkiani, polepole, akamweka kulia. Wa pili kulia. Wa tatu kulia. Wa nne hakuwa na mstari, huyo hata kipofu angemjua, akamweka kushoto. Alipofika kwa wa saba, mnene, aliyekuwa akitafuta titi kwenye kiganja chake, kidole kilisimama.

"Huyo?"

"Ana uzi, mzee."

"Rudia."

"Ana uzi. Hapa, chini ya shingo."

Daktari Nyamai, daktari wa mifugo wa chama, alikuwa mezani akijaza kadi za chanjo. Alikuja akapapasa, akapapasa tena, akacheka. "Mimi nimekaa darasani miaka mitano na hapa sisikii kitu. Huyu bwana amesomea wapi?"

"Amesomea kwa ndoo," Kiragu alisema. "Haya, Dalmas."

Ndoo ilikaa nyuma ya stoo. Dalmas aliwasha jiko kwanza, akachemsha maji kidogo, akayachanganya na ya baridi hadi yakawa vuguvugu. Hakuna sheria ya chama iliyosema maji yawe ya moto. Hiyo ilikuwa adabu yake mwenyewe, na Kiragu alimcheka kwa ajili yake, kwamba anapoteza makaa. Akawatia wote wawili, akawashikilia chini hadi mikono yake iliposikia wametulia. Kwa miaka tisa hakuizoea kazi hiyo, ila alizoea kutosema kitu.

Wala hakuwahi kuuliza kama uzi unatibika. Mfanyakazi haulizi. Mara moja tu alikuwa ameona mwenye mbwa akiuficha, mzee mmoja wa Limuru aliyempenda mtoto wa mbwa hata akamdanganya mkaguzi. Mbwa alipofikisha miezi minane Dalmas aliitwa kumshika wakati Nyamai anamdunga sindano ya mwisho. Shingo ilikuwa imepinda nyuma, macho yamemtoka. Yule mzee akafukuzwa chamani na jina lake likasomwa mbele ya mkutano. Ndivyo Dalmas alivyojua yote aliyoyajua juu ya uzi.

*

Nyumbani Mashimoni, Kibera, katika chumba kimoja cha udongo, Dalmas alikuwa mtu mwingine. Huko aliitwa Baba Awiti na jina hilo lilimfanya atembee kifua mbele.

Kabla ya Awiti walikuwa wamezika watoto wawili, na hakuna aliyeota jino. Kwa hiyo Awiti alipozaliwa, mkunga akiwa ni jirani yao Adero, mama mzee ambaye wote walimwita Dani, yaani nyanya, walifanya kama inavyofanywa kwao ziwani. Kichanga kilipelekwa jalalani nyuma ya nyumba, kikawekwa juu ya jivu, na Caren, mamake, akageuza uso. Kisha Adero akapita pale kama mtu aendaye zake. "Yawa! Ni nani ametupa mtoto mzuri hivi?" Akamwokota, akambembeleza, akamleta mlangoni kwa Caren. "Mama, nimeokota mtoto. Nisaidie kumnyonyesha." Mauti, wanasema, haimtafuti mtoto ambaye wenyewe wameshamtupa. Ndiyo maana akaitwa Awiti, aliyetupwa. Sasa alikuwa na miezi saba, mashavu yamejaa, na alicheka kila alipoona beseni.

Jumapili ya wiki ile Tausi alipozaa, baada ya kanisa, Caren alichukua mtungi kwenda kioski cha maji. Mfereji ulikuwa umekauka tangu Ijumaa na foleni ilikuwa ndefu. "Baba Awiti, mwoshe mtoto," alisema mlangoni. "Maji iko kwa sufuria. Usimwache alie."

Hakuwahi kumwosha. Alichanganya maji hadi yakawa vuguvugu, akajaribu kwa kiwiko, akamtia Awiti ndani. Mtoto alipiga maji kwa viganja, baba akalowa shati, wakacheka wote wawili. Kisha akamgeuza, akamlaza kifua juu ya mkono wake wa kushoto, na kwa mazoea tu, pasipo kufikiri, kidole chake kikatoka kisogoni kikashuka.

Pale kiunoni, juu kidogo ya makalio, palikuwa na alama. Aliijua. Kashimo kadogo kenye vinyweleo vichache vyeusi. Adero aliwaambia tangu siku ya kwanza kwamba ni alama ya jalala, mahali jivu lilipomgusa, na ndiyo inayomlinda. Dalmas aliamini kama wengine. Lakini hakuwahi kuigusa kwa kidole hicho.

Kidole kilisimama. Aliondoa mkono, akausuuza, akaufuta kwenye suruali, akarudia kuanzia juu. Kikasimama tena palepale, na chini ya ngozi laini akausikia uzi ukiingia ndani. Miaka tisa kidole hicho hakikukosea, na Jumapili hiyo alikiomba kikosee.

Caren alirudi na mtungi kichwani. "Mbona umenyamaza hivyo? Amekukojolea?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Hii alama yake ya mgongo. Ilikuwa hivi tu?"

"Si ni ya jalala? Dani alikuambia." Alitua mtungi, akapumua. "Mpe nguo, atashikwa na baridi."

Angesema hapo. Sentensi ilikuwa mdomoni. Lakini alimwona Caren akimpokea mtoto, akimpuliza tumboni, mtoto akicheka hadi kwikwi, na kila alichokijua Dalmas juu ya uzi kilianzia kwenye ndoo na kuishia kwenye ndoo. Angeenda hospitali kusema nini? Kwamba ameleta mwenye uzi? Daktari ni daktari, alifikiri, na sheria ni sheria, wangeangalia kitabu chao na kumwambia kile ambacho yeye mwenyewe alikuwa amewaambia watu kwa miaka tisa. Na kulikuwa na jingine baya zaidi, ambalo hakuthubutu kulitazama usoni. Wale watoto wa mbwa wote. Kwao kuna laana inayomfuata mtu kwa sababu ya makosa yake na kuwala wanawe, mmoja mmoja. Kama ndiyo hii, basi hata wale wawili wa kwanza aliwaua yeye. Caren akijua, atamtazamaje?

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini wahenga hawakuwahi kushika ndoo ya Kiragu. Dalmas akaficha.

*

Alificha kwa bidii, maskini. Kila jioni alipotoka kazini alichemsha maji ya chumvi, akaosha kile kitundu, akapaka dawa ya zambarau, ileile iliyotumika bandani kwa vidonda vya mbwa. Aliichota kidogo kidogo kwenye kichupa cha mafuta ya nywele na kuibeba ndani ya koti. Caren alimwambia Adero, "Baba Awiti amekuwa nesi siku hizi. Anasema mtoto ana ukurutu." Wakamcheka kwa mapenzi. Wanaume wa ploti ile walikuwa hawaoshi watoto.

Wiki tano zikapita. Awiti akaanza kuketi, akaota jino. Caren alimkimbilia Dalmas njiani kumwambia habari ya jino lile, na Dalmas akalia mbele ya watu, na Caren akadhani ni furaha. Ilikuwa furaha pia.

Jumatano ya wiki ya sita, siku tatu kabla ya maonyesho makubwa ya chama, Kiragu alikuwa na wageni wawili wa kamati waliokuja kuwakagua watoto wa Tausi. Mkewe, Waceke, alikuwa ameshaona chupa ya zambarau ikipungua. Dalmas alipofika getini jioni, mzee alikuwa hapo na wageni wake.

"Toa kilicho kwa koti."

Dalmas alitoa kichupa.

"Dawa ya mbwa inaenda wapi?"

"Ni ya mguu, mzee. Niliumia."

"Toa buti."

"Mzee…"

"Nimesema toa buti tuone mguu."

Aliinama akatoa gamubuti moja, halafu la pili. Hakuwa na soksi. Miguu ilikuwa na magaga na tope kavu kati ya vidole, lakini kidonda hakukuwa nacho. Mgeni mmoja aligeuka akatazama maua ya uani. Kiragu alikohoa. Hakuwa mtu wa kupenda kelele mbele ya wageni, na kwa sababu hiyo hasira yake ilitoka kama mzaha.

"Mguu umepona hapa hapa kwa geti. Huu ni muujiza." Akafungua kichupa, akamwaga dawa kwenye changarawe. "Jumamosi nakuhitaji uwanjani, Dalmas. Bila hiyo ungeenda leo na usirudi."

Nyamai alimkuta kwenye bomba akiosha miguu aliyokwisha kuiosha. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, na alisimama pale na mkoba wake akitafuta la kusema.

"Ilikuwa ya nani, Dalmas?"

Dalmas alifunga bomba. Nafasi ilikuwa imemjia yenyewe, imevaa koti jeupe. Akaizungukia kama alivyozoea kuzungukia kila neno mbele ya wakubwa.

"Daktari, wewe umewahi kuona mbwa mwenye uzi, akakua, akazeeka?"

Nyamai alifikiri kwa uaminifu. "Sijaona hata mmoja. Wewe si unajua kuliko mimi?"

"Asante, daktari."

"Ndiyo hilo tu?"

"Ni hilo tu."

*

Ijumaa Awiti aliamka na homa. Alikataa titi, akatapika, akalia kilio kirefu chembamba ambacho hawakuwahi kukisikia kwake. Caren alimpeleka zahanati akakaa kwenye benchi hadi saa nane. Nesi aliyechoka alimtia kipimajoto kwapani juu ya nguo, akampa dawa ya malaria. Hakuna aliyemvua mtoto, na Caren hakuwa na sababu ya kusema amvue.

Jumamosi alfajiri homa ilikuwa palepale. "Usiende," Caren alisema. "Twende wote hospitali kubwa."

"Nikikosa leo nimefukuzwa. Ni hapa tu juu, Mama Awiti. Mkiona mbaya mtume mtu. Nitakuja mbio."

"Kwani mbwa hawawezi kutembea peke yao?"

Alitaka kumwambia, "Mvue nguo, waambie waangalie mgongo." Alisimama mlangoni na maneno hayo kwa muda ambao mtu angeweza kuyasema mara kumi. Kisha akaenda. Na msomaji akitaka kumlaani, amlaani, lakini ajue kwamba Dalmas njia nzima alikuwa akiomba Mungu ile iwe malaria.

Uwanja wa Jamhuri uko mlimani, Kibera iko chini yake, na siku ya upepo mzuri moshi wa majiko hupanda hadi kwenye nyasi zilizokatwa. Kamba nyeupe zilizungushwa, mahema yakasimamishwa. Dalmas alivalishwa koti jeupe na namba ishirini na nne mkononi, akamwongoza Jemadari, dume la Kiragu, mara tatu kuzunguka duara. Hakimu alikuwa ametoka ng'ambo. Alifungua mbwa mdomo akahesabu meno, akampima mabega, akapitisha kidole mgongoni. Kisha akanyoosha mkono kwa Jemadari, na watu wakapiga makofi.

Kiragu alikuwa na machozi. Alimshika Dalmas begani mbele ya kamati nzima, na haikuwa uongo, alikuwa na furaha naye kwelikweli. "Huyu," alimwambia hakimu kwa Kiingereza, "ndiye kidole chetu." Hakimu akacheka, akauchukua mkono wa Dalmas, akaugeuza, akakitazama kile kidole kama kitu cha kununuliwa. Ndipo kelele ikasikika kwenye kamba.

Ilikuwa ni Adero, leso kiunoni, miguu mitupu. Askari wa mlangoni alikuwa amemshika mkono. "Mama, hapa ni ya wenye tikiti!" Adero hakumtazama. "Dalmas!" aliita. "Dalmas! Nyathi! Mtoto! Shingo yake imerudi nyuma!"

Dalmas aliachilia mnyororo. Bingwa wa chama akabaki huru katikati ya duara, akaanza kukimbia kwa furaha kati ya mahema, na sauti ya Kiragu ikamfuata Dalmas hadi nje ya kamba. "Shika mbwa! Dalmas! Shika mbwa!"

*

Nyamai, aliyekuwa hapo uwanjani kama daktari wa chama, alichukua Volkswagen yake, akawafuata, akawapakia Dalmas na Adero bila kuuliza. Walimkuta Caren ameketi sakafuni, Awiti mapajani, kichwa cha mtoto kimevutwa nyuma hata macho yakatazama ukuta ulio nyuma yake. "Ukimgusa analia," Caren alisema. "Tangu saa nne. Ukimgusa tu." Dalmas alitazama mara moja. Hakuhitaji kidole.

Ndani ya gari Caren na mtoto walikaa nyuma na Adero. Barabara ya Ngong ilikuwa wazi, Nyamai alikuwa akiendesha kwa kasi. Walipopita msitu mdogo Dalmas alisema, akitazama mbele:

"Daktari, ana uzi."

"Nani?"

"Mtoto. Ana uzi. Kiunoni."

Gari lilipunguza mwendo, kisha likaongeza. Nyamai aliuliza, "Umejua lini?"

"Ile wiki Tausi alizaa."

"Na uliniuliza mbwa," Nyamai alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Pale kwa bomba. Dalmas, uliniuliza mbwa."

Caren alikuwa amesikia kila neno.

Hospitalini walichukuliwa haraka kwa sababu waliletwa na mtu mwenye koti jeupe na gari. Daktari wa zamu alikuwa kijana mrefu. Alimvua Awiti nguo zote, akamlaza kifudifudi, na kidole chake kikashuka mgongoni na kusimama palepale, kwenye kiduara kilichokuwa bado na rangi ya zambarau. Alisema ni homa ya uti wa mgongo. Alisema imeingilia hapo.

"Na hii dawa mmepaka ya nini? Kuna mtu alikuwa ameona?"

Caren alimtazama mumewe. Dalmas alilamba midomo.

"Wenye hii kitu," alisema, "nyinyi huwa mnawatibu?"

Yule kijana hakuelewa swali. "Kwa nini tusiwatibu? Mtoto akiletwa bila homa tunakata, tunafunga. Ni kazi ya asubuhi moja. Wiki moja amerudi kwao. Mwezi jana tumefanya wawili." Alianza kuandika. "Sasa wacha tujaribu."

Walijaribu siku tatu. Awiti alikufa Jumanne saa nne asubuhi, jua likiwa limeingia wodini hadi miguuni pa kitanda, na Dalmas alikuwa ameenda kujaza chupa maji. Hawakuweza kumpeleka ziwani. Alizikwa Lang'ata kati ya watu wasiowajua, na Adero, aliyemwokota jalalani, ndiye aliyemweka shimoni, kwa sababu Caren hakukubali Dalmas amshike.

*

Siku ya tisa Kiragu alikuja Mashimoni. Peugeot haikuweza kupita, ikabidi avuke mitaro kwa miguu, Waceke nyuma yake na kikapu cha unga na sukari. Wakapewa kiti kimoja na kitanda. Mzee alivua kofia, akaomba, akaomba vizuri. Na yeye alikuwa amezika mtoto miaka ya Hali ya Hatari, enzi za mkoloni, na hakuwa akiisema habari hiyo kwa watu. Akaacha bahasha mezani.

Alipokuwa akisimama alimgusa Dalmas begani. "Ile mambo ya mbwa kukimbia, nimesamehe. Kombe wamelipitisha." Akaizungusha kofia mkononi. "Ile dawa pia. Ungeniambia tu ni ya mtoto."

"Ndiyo, mzee."

"Halafu… sitaki kukuharakisha. Lakini lile jike lingine limezaa jana. Saba. Daktari amejaribu kuwasoma, anasema hawezi. Na mkaguzi anakuja Jumatatu. Ukisikia nguvu."

"Nimesikia, mzee."

Caren alikuwa kwenye kona amewapa mgongo, akikunja nguo za mtoto. Zilikuwa chache. Alikuwa amezikunja asubuhi, akazikunjua, na sasa alizikunja tena. Tangu siku ya gari hakuwa amemwambia mumewe neno lolote ila "chakula" na "maji".

Hatua za wageni zilipopotea upenuni, aliweka nguo chini.

"Nionyeshe."

"Nini, Mama Awiti?"

"Venye ulijua."

Alipiga magoti kwenye mkeka, akainua blauzi kidogo, mgongo ukabaki wazi kiunoni. Dalmas hakusogea.

"Si una kidole? Si wanakuja hadi na magari kukitafuta? Nionyeshe."

Alikuja akapiga magoti nyuma yake. Aliweka kidole juu ya uti wa mgongo wake, akakishusha polepole hadi mahali pale, kikasimama.

"Ni hapa?"

"Ni hapa."

"Ukasikia nini?"

"Uzi. Kitu kidogo sana. Inaingia ndani."

"Siku moja tu?"

"Kila siku. Kila jioni nikimwosha."

Nje mtu alikuwa akiuza samaki wa kukaanga, akipita mlango kwa mlango akitaja bei.

"Mimi nilimtupa kwa jivu," Caren alisema. "Nilimtupa na mikono yangu. Lakini nilijua Dani anapita, atamwokota. Daktari pia alikuwa anapita, Baba Awiti. Kila wiki alikuwa anapita hapo kwa hiyo banda yenu, na mkoba. Ungemweka tu mahali anaweza kumwona."

"Nilidhani watamtia ndoo," Dalmas alisema, na akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Alitaka kuondoa mkono. Caren alirudisha wake nyuma, akamshika kifundo, akamzuia.

"Usitoe," alisema. "Bado sijasikia."

Akakiacha palepale. Hakukuwa na kitu chini ya kidole, ngozi tu na mfupa, na mgongo wa mkewe uliokuwa ukitetemeka.